Kusafisha damu kwa mashine: maswali ya wanaouguza

Figo zimefeli. Hiyo mashine inafanya nini?

Inashika kazi ya figo kwa muda. Damu hutoka mwilini kidogo kidogo kwa mrija, hupita kwenye chujio linalobakiza uchafu na maji ya ziada, kisha hurudi. Kwa kawaida ni mara 3 kwa wiki, saa 4 kila mara. Figo nzima hazipumziki usiku wala mchana, kwa hiyo mgonjwa akiruka siku yake huvimba na pumzi humbana.

Ni kweli ukiwekwa kwenye mashine hutoki?

Maneno haya yananiumiza, maana yamewazuia wengi nyumbani. Mtu anafikishwa hospitali maji yameshajaa kwenye mapafu. Akifariki, mashine inasingiziwa. Wapo wanaotoka. Figo zilizozimika ghafla kwa malaria kali, kuharisha sana au kutokwa damu nyingi wakati wa kujifungua zinaweza kurudi baada ya wiki chache. Zilizoharibiwa polepole na kisukari au presha ndizo hazirudi: hapo ni mashine maisha yote, au kupandikizwa figo, huduma ambayo Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuitoa mwaka 2017.

Tumempelekea madafu apate nguvu. Kuna ubaya?

Upo, na naomba hili mlishike kuliko yote. Madafu yana potasiamu nyingi, aina ya madini yaliyomo kwenye vyakula. Figo nzima huitoa kwa mkojo. Kwa mgonjwa wenu inabaki kwenye damu, na ikizidi moyo unaweza kusimama ghafla. Ndizi, parachichi na machungwa ni vivyo hivyo. Viazi vikatwe vidogo, vichemshwe kwa maji mengi, na maji hayo yamwagwe. Chumvi mbadala inayouzwa kwa wenye presha pia asiiguse, kwani mara nyingi ni potasiamu yenyewe. Maji ya kunywa atapimiwa kulingana na mkojo anaotoa, na kumbukeni kuwa uji, chai na supu ni maji pia.

Tumeambiwa atawekewa fistula. Si ugonjwa wa akina mama huo?

Jina tu ndilo limefanana. Hapa ni mishipa ya damu ya mkononi, ateri (unaotoa damu kwenye moyo) na vena (unaoirudisha), iliyounganishwa kwa upasuaji mdogo, ili damu ya kutosha ifike kwenye mashine. Ukiweka kiganja juu yake utasikia mtetemo. Mkono huo haupimwi presha, hautolewi damu, haulaliwi. Mtetemo ukipotea, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.