Je, wajua kwa nini wawili safarini hugawana hema lakini hawagawani maji?

Chukua mume na mke wanaotaka kwenda kutoka Lindi hadi Mtwara mjini, kusini mwa Tanzania, kwa miguu, kila mmoja na shanta mgongoni, wakilala njiani. Kwa barabara ni zaidi kidogo ya kilomita 100, yaani kama siku 6 kwa watu waliobeba. Wengi hudhani mzigo wa wawili ni mzigo wa mtu mmoja mara mbili. Sivyo, na tofauti yake unaweza kuipima kwa mizani ya duka la mangi.

Mtembezi wa peke yake hubeba hema jepesi la kilo 1.3, sufuria na jiko dogo gramu 600, dawa na plasta gramu 300, pawabenki gramu 350, kichujio cha maji gramu 100, kisha kisu, kamba na sindano gramu 300. Jumla kilo 2.95. Wakiwa wawili, hema linapanda hadi kilo 1.9, sufuria na jiko gramu 750, dawa gramu 400. Vingine havibadiliki. Jumla kilo 3.8, kila mmoja kilo 1.9. Kila mgongo umepunguziwa kilo moja na ushee. Sababu ni ndogo tu: kulaza mtu wa pili hakuhitaji hema la pili, na kisu hakijui kinakatia wangapi.

Jiko lenyewe, kwa safari za huku, ni la kuliacha nyumbani. Ugali unasongwa, na vijiko vya kambi vyenye miguu myembamba hupinduka mwiko ukianza kazi. Tena mitungi midogo ya gesi ya kambi si kitu cha kutegemea kukikuta duka la kijijini. Mafiga matatu yanatosha. Kwa wawili waliotembea kutwa, songa unga nusu kilo kwa maji kama lita moja, kwenye sufuria ya lita 2 na zaidi. Ndogo kuliko hiyo unga utaishia motoni. Mchana msiwashe moto kabisa: korosho zilizobanguliwa, gramu 100 kila mmoja, zina kalori zaidi ya 550, na ukipita vijijini utapata ming'oko, mizizi ya porini inayoliwa, ya kuchemsha.

Sasa maji. Lita moja ni kilo moja, na kinywa hakina ubia. Mtu anayetembea juani na mzigo anahitaji kama nusu lita kwa saa, wakati mwingine robo tatu. Kwenye Appalachian Trail ya Marekani, njia ya takriban kilomita 3,500 kutoka Georgia hadi Maine, vijito ni vingi, hivyo wenza huweza kutembea na lita moja au mbili tu na kujaza mbele. Huku pwani nako vijiji vina visima. Lakini wakibadili njia wakapanda uwanda wa Makonde, upande wa Tandahimba na Newala, mambo ni mengine. Udongo wa kichanga wa juu hauzuii maji. Mvua inazama, na chemchemi hutokea chini kwenye kingo za uwanda. Ndiyo maana zamani wenyeji walishuka mabondeni na kupanda tena na mitungi, na leo watu hutegemea maji yanayosukumwa kwa pampu na yale ya mvua waliyoyakinga. Hapo kila mmoja aondoke asubuhi na lita 4, na kama kijiji cha kulala hakina uhakika wa maji, aongeze 2 za kupikia. Ile kilo iliyookolewa kwa kugawana vifaa imemezwa mara sita. Faraja iliyopo ni kwamba maji ya ugali hayapotei, unayala. Yanayopotea ni ya kuchemshia maharage kwa saa mbili, kwa hiyo maharage yasubiri Mtwara.

Kitu kingine kisichogawanyika ni mwendo. Wawili huenda kwa kasi ya aliye taratibu, wapende wasipende. Kosa la kwanza hufanyika nyumbani: kugawa mzigo nusu kwa nusu eti ndiyo haki. Mume ana kilo 75, mke 55, mzigo wote 26. Ukigawa 13 kwa 13, mke amebeba karibu robo ya uzito wake na mume zaidi kidogo tu ya sehemu moja ya sita ya wake. Mpe mmoja 15 na mwingine 11. Wote wamebeba sehemu moja ya tano ya mwili. Kama mke ndiye mwenye mwili mkubwa, basi 15 ni zake, bila aibu.

Kosa la pili ni la mapumziko, na hili limewanunisha watu wengi. Mwenye kasi anatangulia, anafika kwenye mkorosho, anakaa dakika 10. Mwenzie anafika akihema, na yule aliyepumzika anasimama: "Haya, twende." Aliyechoka zaidi ndiye asiyepumzika kabisa. Dawa yake ni mapumziko kuhesabiwa tangu afike wa mwisho, na mwenye mwendo mdogo akae mbele. Ni huyohuyo pia anayeficha lengelenge asimcheleweshe mwenzie. Mchanga ukiingia kiatuni na ngozi ikaanza kuwaka, simameni hapohapo mbandike plasta. Dakika 5 hizo zikikwepwa, kesho mtapoteza nusu siku wote wawili.

Msimu mzuri ni Juni hadi Septemba, mvua ikiwa imekatika. Julai kunapambazuka baada ya saa 12 asubuhi na jua linazama muda mfupi baada ya saa 12 jioni. Tembeeni tangu kupambazuka hadi saa 4:30, mlale chini ya mwembe hadi saa 9, kisha saa moja na nusu za mwisho. Kwa mwendo wa kilomita 3.5 kwa saa hiyo ni karibu kilomita 20. Mkifika, mmoja aende kwa mwenyekiti wa kijiji kujitambulisha na kuuliza pa kulala, mwingine ashughulikie maji. Msilale porini wala kwenye dungu la shambani: mikoa hii imewahi kupoteza watu kwa simba, wakiwemo waliolala madunguni wakilinda mazao dhidi ya nguruwe pori.

Kuhusu kugawana hema: turubai kwa huyu na nguzo kwa yule ni sawa mkiwa mnaonana. Mkipoteana kwenye njia za mikorosho, hakuna mwenye pa kulala. Kwa hiyo maji, tochi, filimbi, simu, pesa taslimu kidogo, chakula cha nusu siku na kipande kimoja cha doti ya kanga, kila mmoja abebe vyake.