Je, wajua kwa nini kinyonga mdogo anashiba kila siku na bado anapata matege?

Mvua zikishakolea huku Mwanza hukosi dogo atakayeingia nyumbani na kinyonga mchanga kidoleni, kamtoa kwenye vichaka vya katikati ya mawe kule Nyegezi au Igoma, bibi anapiga kelele atolewe nje haraka maana ni nuksi, ila dogo kashampenda na anamtafutia inzi kwa bidii kuliko anavyofanya homwek. Na kinyonga anakula. Anakula kwelikweli. Wiki zinaenda, afu siku moja unaona akitembea anatetemeka, miguu ya mbele imepinda, anashika kijiti anateleza, mchana kweupe kafumba macho. Hapo maneno yanaanza, mara kalishwa mdudu mwenye sumu, mara karogwa. Kumbe mara nyingi ni matege tu, yaleyale yanayowapata watoto wetu, mwili umekosa kalsiamu na umekosa jua la kuusaidia kuifyonza.

Sasa mtu anauliza, jua Mwanza linakosekanaje? Mji uko nyuzi kama mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, jua la saa saba linapasua utosi. Ni kweli. Ila kinyonga wako yuko wapi muda huo? Yuko kwenye boksi la kioo juu ya kabati sebuleni, au kwenye ndoo ya plastiki chini ya kitanda ili bibi asimwone. Mwanga anaupata, joto anaweza kulipata, lakini mionzi inayotakiwa haipo pale. Hiyo mionzi inaitwa UVB, ndo inayoifanya ngozi itengeneze vitamini D3, na kioo cha kawaida cha dirisha kinaizuia karibu yote. Kwa hiyo hata ukimsogeza dirishani akaota jua asubuhi mpaka jioni, kwa upande wa mifupa ni kama hujafanya kitu. Mbaya zaidi boksi la kioo likipigwa na jua moja kwa moja linageuka oveni na mnyama anaweza kufa hata kabla hujarudi kutoka dukani.

Ndani ya mwili inaenda hivi. Kalsiamu sio ya mifupa peke yake, misuli inaihitaji ili ikaze, moyo unaihitaji ili upige, kwa hiyo damu haikubali kupungukiwa, ikipungukiwa mwili unaenda kuikopa kwenye mifupa. Kinyonga mkubwa ana akiba kidogo, anaweza kuvumilia. Mdogo hana akiba, na bado anakua kwa kasi, yaani anajenga mifupa na kuibomoa kwa wakati mmoja. Ndo maana miguu inapinda, taya la chini linakuwa laini mpaka linashindwa kufunga vizuri, na mfupa unaweza kuvunjika kwa kushikwa tu, tena umemshika kwa upendo.

Ila kitu ambacho watu wengi hawakigundui mapema ni ulimi. Ulimi wa kinyonga unaweza kufika mara moja na nusu hadi mara mbili ya urefu wa mwili wake ukitoa mkia, unarushwa kutoka kwenye kifupa maalumu kilichoko mdomoni na misuli inayotakiwa ikaze kwa nguvu sana. Kalsiamu ikishuka hiyo misuli inachoka. Utamwona anamwangalia panzi kwa macho yote mawili, anafungua mdomo, ulimi unachungulia kidogo afu anafunga, au unatoka nusu unadondoka. Mwenye kinyonga anasema huyu kagoma kula, siku hizi anaringa. Hajagoma! Anataka sana, silaha ndo imekufa. Kwa hiyo ukiona kinyonga anakosakosa wadudu ambao zamani alikuwa anawanasa kirahisi, usisubiri miguu ipinde, hiyo ni dalili tosha. Msogezee mdudu karibu na mdomo kabisa, au weka wadudu kwenye kikombe kifupi asihangaike kulenga.

Na hapa kuna jambo linaloumiza kidogo, kwamba hao wadudu unaomtafutia kwa jasho wenyewe ndo sehemu ya tatizo. Nyenje, inzi, panzi, karibu wote wana kalsiamu kiduchu na fosforasi nyingi, madini ambayo yakizidi yanaizuia kalsiamu isifanye kazi yake. Wataalamu wa wanyama watambaao wanapenda chakula kiwe na kalsiamu kama mara mbili ya fosforasi, wadudu wako kinyume kabisa. Porini kinyonga anakula wadudu wa kila aina ambao nao wamekula majani ya kila aina, na anashinda juani, mambo yanajipa. Ndani anakula aina moja ya inzi kutoka jalalani. Dawa yake ni kuwalisha wadudu kwanza kabla ya kumlisha yeye, wape sukuma wiki na vipande vya karoti siku nzima ndo uwapeleke. Mchicha usiutegemee, una kemikali inayoing'ang'ania kalsiamu isifyonzwe. Na mdudu asizidi upana wa katikati ya macho mawili ya kinyonga, usimpe senene mzima mtoto wa sentimita tano jamani.

Kalsiamu ya unga nayo ipo karibu kuliko unavyodhani. Maganda ya mayai, yaoshe, yachemshe, yakaushe, yasage mpaka yawe laini kabisa, weka wadudu kwenye mfuko na kaunga kidogo, tikisa, mpe kinyonga. Wafugaji wa kuku watakwambia kuna chokaa ya kuchanganyia chakula, hiyo ya mifugo nayo inafaa kwa kiasi kidogo. Ila tuelewane hapa, chokaa ya kupaka ukuta HAPANA, ile inaunguza mdomo. Na unga wa mifupa wa kuku usiuchukue kwa kazi hii maana unakuja na fosforasi yake, unarudi palepale. Vidonge vya vitamini D vya binadamu pia achana navyo, ikizidi inabaki mwilini na kalsiamu inaanza kuganda kwenye figo na mishipa. Ya jua haina shida hiyo, ngozi ikitengeneza ya kutosha ile ya ziada inavunjwa hukohuko kwenye ngozi.

Basi mtoe nje. Jua la saa moja asubuhi linampasha joto ila UVB bado ni kidogo maana jua liko chini, kuanzia saa tatu mpaka saa tano hivi ndo pazuri, na lazima kuwe na majani ya kujificha akizidiwa, asiachwe peupe bila kivuli. Kizimba kiwe cha wavu, ule wa dirishani unatosha. Najua kuna anayewaza chandarua, vyandarua vingi vimewekwa dawa ya kuua wadudu, utaua chakula chake na yeye mwenyewe utamdhuru. Wavu wa dagaa nao matundu yake makubwa, inzi wote watahamia Ukerewe na yeye atafuata.

Maji ndo watu wanafeli kabisa. Kinyonga kwa kawaida hayajui maji yaliyotulia kwenye kisosi, anaweza kukauka pembeni ya bakuli lililojaa. Porini anaramba matone kwenye majani, umande na mvua. Chukua ile chupa ya kupulizia ya saluni, mpya lakini, sio iliyokuwa na dawa ya nywele, pulizia majani asubuhi na jioni taratibu mpaka aanze kuramba, au toboa chupa ya maji kwa sindano iwe inadondosha tone tone juu ya jani. Macho yakiwa yameingia ndani, na ile sehemu nyeupe ya choo chake ikawa ya njano au rangi ya chungwa, huyo kaishiwa maji. Usimpigie maji mdomoni kwa bomba la sindano, njia ya hewa iko palepale mbele mdomoni, utamjaza mapafu. Na kinyonga aliyepoa na aliyekaukiwa usimlazimishe kula, hana joto lake mwenyewe, akiwa baridi tumbo halisagi na chakula kinaozea ndani. Joto na maji kwanza, msosi baadaye.

Sio kila kitu ni ugonjwa pia. Asubuhi akiwa mweusi upande mmoja ulioelekea jua anajipasha moto tu, usiku akipauka kalala, ngozi ikibanduka vipande vyeupe anakua. Rangi kwake ni mambo ya joto na hali yake, sio kujifananisha na kochi lako. Cha kuogopa ni mweusi kutwa nzima, macho yaliyofumbwa mchana, mdomo wazi wakati hakuna joto, au mapovu mdomoni na puani, hayo mawili ya mwisho yanaashiria mapafu na hapo maganda ya mayai hayasaidii.

Miguu iliyokwishapinda hainyooki tena, nisikudanganye, ila taya linaweza kukaza, kutetemeka kukaisha na ulimi ukarudi kama umewahi. Usimfunge vijiti mguuni. Na usiende duka la dawa za mifugo ukanunua ile dawa ya minyoo ya sindano ya ng'ombe, ivermectin inaua kobe na kwa kinyonga imeshaonekana ni hatari. Tafuta daktari wa mifugo, hata kama kazoea ng'ombe na kuku anaweza kupiga eksirei na kutoa kalsiamu ya maji kwa kipimo.

Kingine, huyu ni mnyamapori. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inataka kibali kabla ya kukamata na kufuga, kwa hiyo kama ni mzima mrudishe kwenye kichaka kilekile alichotolewa, na kama ni mgonjwa kaongee na watu wa wanyamapori mapema, hasa maafisa wa TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania.

Ukienda kwa daktari nenda na uzito wake maana dawa yoyote inapigwa kwa gramu, na mzani wa jikoni kwa kinyonga wa gramu mbili tatu unaweza kukuandikia sifuri. Mpeleke kwa sonara au wale wanunuzi wa dhahabu, mizani yao inasoma mpaka pointi, watakushangaa kidogo ila watakupimia.