Seli shina na utando wa tumbo: yanayosemwa na yaliyothibitishwa

Dayalisisi ya tumbo, yaani njia ya kusafisha damu ya mtu ambaye figo zake zimeshindwa kazi, hutumia utando mwembamba unaofunika utumbo kuwa chujio la damu. Maji yenye sukari huingizwa kwa katheta, yaani mrija laini unaopita kwenye ukuta wa tumbo, huvuta taka na maji ya ziada, kisha humwagwa. Miaka ikipita, sukari hiyo na maambukizi huua seli za juu ya utando, kovu hunenepa, mishipa midogo huongezeka, na maji ya ziada hayatoki tena kama mwanzo. Ndipo wagonjwa huanza kusikia habari za seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine.

Dhana: Seli shina huotesha utando mpya.

Ukweli: Zinazochunguzwa zaidi ni seli shina za mesenkaima, zinazotolewa kwenye uboho, mafuta ya mwili au kitovu cha mtoto mchanga. Kwa panya wa maabara zimepunguza uvimbe na makovu, ila si kwa kugeuka utando. Zikidungwa kwenye mshipa, nyingi hunasa mapafuni na hazidumu. Kinachosaidia hasa ni kemikali zinazotoa, ambazo hutuliza kinga ya mwili na kuzuia kovu lisiendelee. Kuzuia kovu changa ni jambo moja. Kufuta kovu la miaka mingi ni jambo jingine kabisa, na panya wengi hutibiwa mapema, jeraha likiwa bado bichi.

Dhana: Watu wameshapona.

Ukweli: Nchini Iran, wagonjwa 9 walidungwa seli za mafuta yao wenyewe, matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Lengo lilikuwa kupima usalama, na hayakutokea madhara makubwa. Ni hatua ya kutia moyo, lakini hakukuwa na kundi la kulinganisha. Anayeuza tiba hii kwa ushahidi huo anamdhulumu mgonjwa.

Dhana: Ni seli za asili, haziwezi kudhuru.

Ukweli: Mwaka 2018 Marekani iliripoti watu 12 waliopata maambukizi ya bakteria baada ya kudungwa bidhaa za seli shina zilizotokana na damu ya kitovu.

Dhana: Utando ukipona, figo nazo zitapona.

Hapana. Utando ni chujio la kuazima tu.

Kinacholinda utando leo ni kutumia maji yenye sukari kidogo kadiri daktari anavyoruhusu, ikodekstrini (maji ya dayalisisi yenye aina ya wanga badala ya sukari ya kawaida) kwa wanaofaa, na kunawa mikono kila mara kabla ya kugusa katheta. Maji yakitoka na ukungu, au tumbo likiuma, nenda kliniki siku hiyohiyo.