Uhandisi unaotegemea maumbile ni nini?

Ni uhandisi ambamo mimea, udongo na umbo la ardhi hubebeshwa kazi ambayo kwa kawaida hupewa zege: kushika mteremko usiporomoke, kupunguza kasi ya maji, kuyachuja na kuyaacha yazame ardhini. Nyasi za kupendezesha geti hazimo. Bustani ya mvua, yaani bonde dogo lililochimbwa kwa vipimo ili lipokee maji ya paa, imo.

Hesabu yake ni nyepesi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 40, linamwaga karibu lita 4,000. Bonde la kina cha sentimita 20 litahitaji mita za mraba 20 kuyapokea yote. Kwenye ploti ya futi 50 kwa 100 nafasi hiyo hupatikana, ila kama umeshatandaza kabro (matofali ya zege ya kutandikwa uani) ukuta kwa ukuta.

Nairobi, udongo ndio huamua. Ule mwekundu wa Karen au Kileleshwa hunywa maji vizuri. Ule mweusi wa Embakasi na South C huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Ukiulowesha karibu na msingi, kuta hupata nyufa. Kwa hiyo pima kwanza. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yakiisha lijaze tena, kisha uone yanashuka kiasi gani kwa saa. Yakishuka chini ya sentimita 1 hivi, usitegemee yazame. Laza bomba lenye matundu ndani ya kokoto, juu yake mchanga, halafu sentimita 45 hadi 60 za udongo uliochanganywa na mchanga mwingi. Bomba litokee kwenye mtaro wa mvua, kamwe si kwenye maji taka. Acha pia njia ya kumwaga ziada. Maji yakauke ndani ya siku 2, kabla mbu hawajapata muda wa kukua.

Bustani nyingi huharibika hata kabla ya kupandwa: lori hupita juu ya bonde na kushindilia udongo, kisha maji ya saruji huziba vinyweleo. Ichimbwe mwisho, mjengo ukishakamilika.

Kwenye mteremko, nyasi ya vetiva hupandwa kwa mistari inayofuata kontua, yaani inayokata mteremko kwa kimo kimoja, shina hadi shina sentimita 10 hadi 15, mvua ndefu zinapoanza Machi. Mizizi yake huweza kushuka mita 2 hadi 3. Msimu wa kwanza bado haijashika, hivyo funika udongo kwa matandazo. Ukingo uliokatwa wima vetiva haitaushika; huo unataka gabioni, yaani masanduku ya waya yaliyojazwa mawe.

Na tusidanganyane: bustani za nyumba chache hazingezuia Mto Mathare kufurika Aprili 2024. Huko dawa ni kuiacha kingo ya mto bila majengo.