Oksijeni ya ziada mazoezini: ni nini, na mwenye kisukari inamhusu?

"Mpwa wangu, mtungi wa oksijeni siku hizi unauzwaje?" Mjomba aliniuliza hivyo katikati ya msitu wa Karura, hapa Nairobi, mikono magotini, akihema. Ana sukari ya aina ya pili, daktari amemwambia atembee, na mahali fulani amesikia kwamba oksijeni humwondolea mwenye kisukari uchovu wa mazoezi.

Oksijeni ya ziada ni hewa yenye oksijeni kupita ile asilimia 21 tunayovuta sote. Mtu huipokea kwa barakoa au kwa vimpira vya puani, kutoka kwenye mtungi au mashine inayoichuja hewani. Ni dawa, huandikwa na daktari kwa kipimo, na zaidi huwafaa ambao mapafu yao yameshindwa kuijaza damu.

Sasa, Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi: kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya sita ukilinganisha na Mombasa, ndiyo maana mgeni wa Pwani hutweta kwenye ngazi zetu. Hata hivyo, nilipombana mjomba kidole kwa kile kidude cha kupimia oksijeni ya damu, kilisoma asilimia 95. Yaani himoglobini, inayobeba oksijeni ndani ya damu, ilikuwa imejaza karibu nafasi zake zote. Ukimwongezea puani, ni kidogo tu itakayopata pa kukaa.

Mpangaji wa Nairobi ataelewa: tangi la paani limejaa, mfereji wa jikoni unadondoka. Huagizi maji mengine. Unamwita fundi wa mabomba. Kwa wengi wenye kisukari cha aina ya pili, vimishipa vinavyolisha misuli huchelewa kutanuka zoezi linapoanza, na mitokondria, sehemu za seli zinazochoma sukari kwa kutumia oksijeni, huwa zimezubaa. Watafiti wamewapa watu hewa ya oksijeni nyingi wakiwa mazoezini ili waone itakuwaje, lakini hayo ni ya maabara, si tiba ya kawaida ya kisukari. Fundi mwenyewe ni kule kutembea: misuli ikizoeshwa huota vimishipa vipya na kuongeza mitokondria. Isitoshe, msuli unaofanya kazi huvuta sukari kwenye damu hata bila kungoja insulini.

Kuhema kusiko kwa kawaida ni jambo jingine. Kisukari huharibu neva, moyo ukaweza kukosa damu bila kifua kuuma, dalili ikawa pumzi tu. Anayehema hivyo aende hospitali, asitafute mtungi.

Mjomba anadunga insulini, na ikijumlishwa na mazoezi sukari yaweza kushuka mno, kwa hiyo kwangu mimi mzigo wake wa Karura ni kipima sukari na peremende. Kikisoma chini ya 5 (mmol/L) kabla ya kuanza, ale kitu kwanza. Siku hiyo peremende alikuwa ameziacha kwenye gari.