Kiingilio si bima

Mwanza, kuanzia uwanja wa mpira wa Kirumba hadi fukwe zenye muziki wa wikendi, utasikia: ukiumia ndani ya burudani uliyoilipia, mwenye shughuli lazima akulipe. Sivyo. Kwa kawaida mdai lazima athibitishe uzembe: kwamba mwandaaji hakuchukua tahadhari ambayo mtu makini angeichukua, na ndiyo maana akaumia. Jukwaa la mbao zilizooza likivunjika, hoja ipo. Mpira ukikupiga shavuni ukiwa jukwaani, ni vigumu sana.

Uingereza, katika kesi ya uwanja wa mbio za magari wa Brooklands, gari liliruka likaua na kujeruhi watu. Mwaka 1932 Mahakama ya Rufaa ilikataa kumtoza fidia mwenye uwanja, kwani tangu ufunguliwe mwaka 1907 ajali ya namna hiyo haikuwahi kutokea. Naiona hukumu ngumu kwa majeruhi, lakini mahakama zetu huongozwa na misingi hiyohiyo.

Dhima, yaani wajibu wa kulipa, bila uzembe ipo, ila kwa mambo machache, kama wanyama wa porini. Tembo wa sarakasi alipojeruhi watu London, mwaka 1957 mwenye sarakasi alilipa ingawa tembo alikuwa mpole.

Ukiumia, piga picha za eneo na tunza cheti cha daktari. Muda wa kudai ni miaka 3.