Je, wajua? Namna ya kuuleta mvutano wa Mwezi, Mirihi na Mshtarii ndani ya darasa

Mwalimu anapowaambia wanafunzi kwamba mtu mwenye kilo 60 duniani atakuwa na kilo 10 tu akifika Mwezini, darasa hushangaa, namba huandikwa daftarini, na somo huonekana limeeleweka. Kwa bahati mbaya, sentensi hiyo ina kosa, na kosa lenyewe ndilo linaloharibu mazoezi mengi ya kufundishia mvutano. Kilo hupima tungamo, yaani wingi wa maada iliyomo mwilini, na tungamo halibadiliki mtu akisafiri. Kinachopungua ni uzito, yaani nguvu ambayo Mwezi unamvuta nayo. Basi, tunawezaje kubuni uigaji, yaani hali ndogo ya darasani inayofuata kanuni zilezile za sayari tusizoweza kuzifikia, bila kumwachia mwanafunzi wazo potofu atakalohangaika nalo kwa miaka?

Kabla ya kubuni chochote, ni lazima mbunifu mwenyewe ajue kinachoupa mvutano wa sayari ukubwa wake. Mwaka 1687 Isaac Newton alieleza kwamba nguvu ya mvutano huongezeka kadiri tungamo linavyoongezeka, na hupungua kwa mraba wa umbali kutoka kitovu hadi kitovu. Maana yake ni kwamba sayari kubwa haikuvuti sana kwa sababu tu ni kubwa, kwa kuwa ukubwa huohuo unakuweka mbali na kitovu chake. Zohali, sayari yenye pete mashuhuri, ina tungamo la takribani mara 95 ya Dunia, lakini mvutano katika tabaka la juu la mawingu yake ni karibu sawa na wetu: mita 10.4 kwa sekunde kwa kila sekunde, ilhali hapa kwetu ni 9.8. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Mirihi na Utaridi. Tungamo la Utaridi ni kama nusu tu ya lile la Mirihi, lakini kwa kuwa ni sayari ndogo na iliyoshindiliwa zaidi, mvutano kwenye uso wake ni 3.7, sawa kabisa na wa Mirihi. Mwanafunzi aliyepewa orodha ya namba hizi bila maelezo ataona ni sadfa. Aliyepewa nafasi ya kubadilisha tungamo na nusu kipenyo, kimoja baada ya kingine, ataona sababu.

Zoezi linalojulikana zaidi ni la chupa. Chukua chupa za lita moja zinazofanana na zisizoonyesha yaliyomo, kisha jaza kila moja kiasi kitakachoifanya iwe na uzito ambao chupa iliyojaa maji ingekuwa nao katika sayari husika: gramu 165 kwa Mwezi, gramu 380 kwa Mirihi, kilo moja kwa Dunia, na kwa Mshtarii kilo 2.5, ambazo huhitaji vipande vya chuma. Mwanafunzi anainua moja baada ya nyingine, na mkono wake unapata habari ambayo ubao hauwezi kuitoa. Ni zoezi zuri, nami nisingependa mwalimu yeyote aliache.

Hata hivyo, lina mtego. Tumeiga uzito kwa kubadilisha tungamo, yaani kitu kilekile tulichosema hakibadiliki. Mwanafunzi akiitikisa chupa ya Mirihi kushoto na kulia, itamtii kwa urahisi, naye ataondoka akiamini kwamba vitu vya Mirihi ni vyepesi kwa kila namna. Sivyo. Chupa halisi ya lita moja ya maji, ikiwa Mirihi, ingekataa kusukumwa ubavuni kwa ukaidi uleule ulionao hapa duniani, kwa sababu ukaidi huo hutokana na tungamo peke yake. Dawa ni rahisi: chupa iliyojaa maji ining'inizwe kwa kamba ndefu kutoka darini, kisha kila mwanafunzi aisukume taratibu kwa kidole na kuisimamisha tena. Aambiwe wazi kwamba ukinzani anaousikia kidoleni ndio ambao angeusikia Mwezini, Mirihi na kwingineko kote. Kisha arudi kwenye zile chupa za mezani. Tofauti kati ya kuinua na kusukuma ikishaingia mkononi, tofauti kati ya uzito na tungamo haihitaji tena kukaririwa. Hapo ndipo mizani mbili zinapoweza kuletwa: ile ya springi, ambayo kwa kilo moja ingeonyesha nyutoni (kipimo cha nguvu) 9.8 duniani na 1.6 Mwezini, na ile ya vitanga viwili, ambayo ingekaa sawasawa popote kwa kuwa pande zote mbili zinapunguziwa kwa uwiano mmoja.

Jambo la pili ambalo uigaji unapaswa kulishughulikia ni kuanguka. Wanafunzi wengi huamini mambo mawili kwa pamoja: kwamba kitu kizito huanguka haraka kuliko chepesi, na kwamba pasipo hewa hapana mvutano. Yote mawili yalijibiwa hadharani tarehe 2 Agosti 1971, pale David Scott, kamanda wa chombo cha Apollo 15, aliposimama Mwezini mbele ya kamera akiwa na nyundo ya kilo 1.32 katika mkono mmoja na unyoya wa ndege aina ya kozi katika mkono mwingine, akaviachia kwa pamoja kutoka kimo cha takribani mita 1.6. Vilitua pamoja. Hapakuwa na hewa, na bado vilianguka. Havikuwa na uzito sawa, na bado hakuna kilichotangulia. Ushauri wangu ni kwamba video hiyo isionyeshwe kwanza. Kila mwanafunzi aandike utabiri wake na sababu yake, kisha ndipo aangalie, kwa maana utabiri ulioandikwa kwa mkono wake mwenyewe hauwezi kukanushwa baadaye kwa kusema, "Nilijua tu."

Kwa nini tusiiangushe tu gololi darasani na kuilinganisha na Mwezi? Kwa sababu hapa duniani kimo cha mita 1.6 humalizika kwa sekunde 0.57, na kidole cha binadamu hakiwezi kupima muda huo kwa uaminifu. Galileo Galilei alikutana na tatizo hilo karne nyingi zilizopita, akalitatua kwa kuviringisha mipira kwenye ubao ulioinamishwa. Mteremko haubadilishi mvutano, ila huruhusu sehemu yake tu ifanye kazi kuufuata ubao; kwa hiyo ukichagua mwinamo sahihi, unapata mezani mchapuko wa Mwezi, yaani kiasi ambacho kasi huongezeka kila sekunde. Mbinu hii si mchezo wa watoto. Katika miaka ya 1960, kwenye Kituo cha Utafiti cha Langley nchini Marekani, watu walining'inizwa kwa nyaya wakiwa wamelala ubavu, wakatembea juu ya ukuta ulioegemezwa nyuzi 9.5 kutoka wima, ili miguu yao ibebe sehemu moja tu kati ya sita ya uzito wao. Ndivyo wanaanga walivyojifunza kutembea Mwezini kabla ya kufika huko.

Darasani kuna jambo moja la kuangalia. Kitu kinachoteleza bila msuguano kingehitaji nyuzi hizohizo 9.5, lakini gololi haitelezi, inaviringika, na sehemu ya nguvu hutumika kuizungusha. Gololi nzima isiyo na uwazi ndani hupata sehemu tano tu kati ya saba za mchapuko ambao ingeupata kwa kuteleza. Kwa hiyo ubao wa mita 2 unapaswa kuinuliwa upande mmoja kwa sentimita 46 ili gololi ishuke kama inavyoanguka Mwezini, na kwa sentimita 106 kwa Mirihi. Iachie bila kuisukuma, anza kuhesabu muda papo hapo: ya Mwezi itafika chini baada ya sekunde 1.57 hivi, ya Mirihi baada ya sekunde 1.04. Ikipishana kidogo, msilirekebishe daftari. Rudieni mara kumi na mchukue wastani.

Mshtarii hauwezi kupatikana kwa ubao, kwa kuwa mvutano wake ni mita 24.8 kwa sekunde kwa kila sekunde, na hakuna mteremko unaozidi kuanguka wima. Hapa simu inasaidia. Muda wa kuanguka hubadilika kinyume na kipeuo cha pili cha mvutano, hivyo video ya mpira uliorushwa hewani, ikichezwa kwa mwendo wa 0.4, huonyesha kwa usahihi wa kuridhisha mpira huohuo ukiwa Mwezini. Kwa mwendo wa 0.6 ni Mirihi, na kwa 1.6 ni Mshtarii. Lakini ni mpira tu unaofaa, na ni pale ambapo tayari uko hewani. Mtu anayetembea kwenye video iliyopunguzwa mwendo si mtu aliye Mwezini, kwa sababu misuli yake nayo imepunguzwa mwendo, jambo ambalo Mwezi haulifanyi.

Wenye kompyuta wanaweza kuandika programu yao wenyewe, na mistari miwili inatosha: kasi mpya ni kasi ya zamani kuongeza mchapuko mara hatua ya muda, mahali papya ni mahali pa zamani kuongeza kasi mpya mara hatua hiyohiyo. Mwanafunzi atafute katika mistari hiyo ni wapi tungamo la mpira limeandikwa. Halipo, na kutokuwepo kwake ndiyo nyundo na unyoya wa Scott kwa lugha ya hesabu. Hatua ya muda nayo iwe ndogo, kama sekunde 0.01. Ukiweka nusu sekunde, kitu kilichoachiwa Mwezini kutoka mita 1.6 kitakuwa, katika hatua ya tatu, kimezama zaidi ya sentimita 80 chini ya sakafu, ilhali kilipaswa kutua kwenye sekunde ya 1.4. Hewa iachwe nje ya programu mwanzoni, na iongezwe baadaye kwa hiari, maana Zuhura, yenye mvutano unaokaribia wetu lakini kanieneo (mgandamizo) ya hewa ya takribani mara 90 ya yetu, ingevuruga kila kitu kabla msingi haujakaa. Na programu isimsimamishe mtu juu ya Mshtarii: sayari hiyo haina ardhi, na namba yake hupimwa katika tabaka la juu la mawingu.

Baada ya yote hayo, wape wanafunzi sayari iliyofichwa. Programu iwaonyeshe timazi tu, yaani kijiwe kilichoning'inizwa kwa uzi wa mita 1, kikibembea polepole, nao wawe na saa ya kupimia sekunde. Duniani bembea moja ya kwenda na kurudi huchukua sekunde 2.0, Mwezini 4.9. Kundi litakalopata sekunde 3.3 litapiga kelele, "Mirihi!", na mwalimu atauliza kama wana uhakika. Saa na uzi haviwezi kuwaambia kama wako Mirihi au Utaridi, kwa sababu mvutano wa sayari hizo mbili ni mmoja. Itabidi waombe kipimo kingine, na wakiomba nusu kipenyo cha sayari, wameuliza swali lililo sahihi.